Ukumbi mzima ulicheka pale ambapo mimi huwa nalia

Kuna kurasa mbili kwenye kitabu kimoja nimezisoma labda mara 30 na kila nikizisoma nalia, na juzi nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wa duka la vitabu na watu zaidi ya 200, mwandishi mwenyewe akazisoma kwa mdomo wake, na ukumbi mzima ukacheka. Sio kutabasamu, kucheka kabisa, watu wanashika mbavu, aliyekaa mbele yangu akawa anampiga mwenzake begani. Nimekaa na hilo jambo siku 4 sasa na nimeona bora nilieleze lote kuanzia mwanzo, manake nikianzia kwenye kicheko hamtanielewa.

Mwandishi simtaji. Nikimtaja tu habari itageuka kuwa ya kitabu chake kipi ni kikali kuliko kipi, na mimi nataka kuongelea ile jioni.

Tangazo niliona usiku, nimeshazima taa, simu iko juu ya uso wangu. Kitabu kipya kimetoka, mwandishi anakuja mwenyewe, atasoma kidogo, atajibu maswali, halafu atasaini vitabu mpaka mtu wa mwisho. Nafasi za kujiandikisha. Nilikaa wima kitandani nikajaza fomu hapo hapo na vidole vinatetemeka, nikaandika namba yangu ya simu vibaya, nikarudia.

Kuna kitu inabidi muelewe. Nimemsoma huyu mtu miaka 11. Katika miaka hiyo yote sijawahi kukutana uso kwa uso na mtu mwingine aliyemsoma. Nimeazimisha watu vitabu vyake, nimewashawishi, nimewasimulia sura ya kwanza nzima nikiwa nimesimama mlangoni mtu anataka kuondoka, wanasema sawa nitasoma, halafu kitabu kinarudi baada ya miezi na mgongo wake bado umenyooka kama kimetoka dukani, hauna hata mkunjo mmoja, na hapo unajua hakikufunguliwa. Wasomaji wengine nawaona kwenye simu tu, majina na picha za paka. Kwa hiyo mapenzi yangu kwa vitabu hivi yamekuwa kitu cha chumbani, cha mimi na taa, na nilishazoea hivyo nikadhani ndo namna yenyewe ya kusoma.

Nilifika masaa 3 kabla ya muda nikijua nitakuwa wa kwanza kwanza. Foleni ilikuwa imeshazunguka kona ya jengo.

Nilifurahi jamani. Sijui kama kuna foleni nyingine maishani nimewahi kuikuta ndefu nikafurahi. Manake kila mkono uliokuwa pale ulikuwa umeshika kitabu ninachokijua. Nilikuwa natembea kwenda mwisho wa foleni naangalia mikono tu, kile cha kijani, kile chenye mlango kwenye jalada, kile cha kwanza kabisa ambacho jalada lake lilibadilishwa baadaye, nakala zimechakaa, nyingine zimelowa zikakauka zikavimba, nyingine zina majina ya watu watatu tofauti ndani. Nilitamani kumshika kila mtu bega.

Nilisimama nyuma ya dada wawili, ndugu wa damu, sura zao tu zinakwambia. Wana nakala moja. Ndani yake kuna alama mbili za kurasa, uzi mwekundu na kipande cha bahasha, nikauliza, wakaniambia wanasoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja tangu wakiwa wadogo, mmoja asubuhi mwingine usiku, na mkubwa anasoma haraka kwa hiyo sheria yao ni kwamba akimaliza sura anamsubiri mdogo, haruhusiwi kusema kitu, haruhusiwi hata kuguna. "Anaguna," mdogo akasema, "anapitisha tu mdomo hivi, mimi najua tayari kuna mtu anakufa." Nyuma yangu akaja binti wa miaka kama 17, kitabu chake kimejaa vikaratasi vya rangi pembeni mpaka kinaonekana kama kina manyoya. Nyuma yake mzee mmoja, nakala yake imeunganishwa na solatepu mgongoni, kofia kavua kaishika pamoja na kitabu.

Dakika kumi tu tulikuwa tunabishana. Kuna mhusika anaondoka bila kuaga kwenye kitabu cha pili na mimi miaka yote nilijua alikosea, nilijua tu, kama unavyojua moto unaunguza, na yule binti akanigeukia akasema, "Dada, aliaga. Rudi kaangalie alivyofunga lile dirisha." Akafungua ukurasa pale pale, kikaratasi cha bluu, akanisomea mstari. Aisee. Miaka 11 sijawahi kuliona lile dirisha.

Kijana wa dukani akapita na roli mbili za stika. Moja ina namba, hiyo ni zamu yako ya kusainiwa, yangu ilikuwa 143. Nyingine tupu, unaandika jina lako kwa herufi kubwa. "Andika unavyotaka liandikwe," aliniambia, "af bandika ndani, ukurasa wenye jina la kitabu, sio kwenye jalada." Nikamuuliza kwa nini ukurasa huo. Akasimama akanieleza kwa uvumilivu ambao sikuutegemea kwa mtu mwenye foleni ya watu 200. Waandishi wengi husaini pale kwenye ukurasa ambao jina la kitabu na jina lao yamechapwa, na wengine wana mtindo wa kulikata kwa mstari jina lao lililochapwa halafu wanaliandika upya kwa mkono, kama kusema hili sasa ni mimi mwenyewe. Na stika ya jina ni kwa sababu majina yanaandikwa namna nyingi, ukumbini kuna kelele, mwandishi kachoka, na peni ikishakosea kwenye kitabu hakuna kufuta. Akanifungulia pia nyuma ya huo ukurasa, kwenye yale maandishi madogo ya haki za mchapishaji ambayo hakuna anayeyasoma, akanionesha msitari wa namba. Wachapishaji wengi huweka msitari kama huo, ukiona 1 bado ipo ujue hiyo ni chapa ya kwanza, kila wakichapa tena wanaondoa namba moja. Yangu ilikuwa na 1. Nilikishika kitabu kwa mikono miwili kuanzia hapo.

Masharti mengine: vitabu visizidi viwili, hakuna kupiga picha za kupozi naye, ila mwenzako anaweza kukupiga wakati unasainiwa. Zamani masharti kama haya yangeniuma. Lakini nilipiga hesabu pale pale kwenye foleni, watu 200, kila mmoja sekunde 40 tu, hiyo ni masaa mawili na dakika 13 bila mtu kukohoa. Na huyo ni binadamu ana kifundo cha mkono kimoja. Kulikuwa na mtu mmoja mbele kwa mbele ana begi lenye nakala 7 za kitabu hicho hicho na anataka saini tupu bila jina lolote, wote tulijua anaenda kuziuza, na walipomwambia mwisho mbili akawa mkali kwa yule kijana. Hilo lilinichoma. Kitabu kilichosainiwa kwa jina la mtu ni barua, na yeye alitaka barua 7 zisizo na mtu.

Yule mzee wa solatepu kumbe alifundisha fasihi maisha yake yote. Alituangalia tunavyolalamika miguu inauma akasema, "Wanangu, hii foleni ni ndogo." Akaanza kutuhadithia habari za Charles Dickens, na alivyokuwa anahadithia ungesema walisoma darasa moja. Dickens alianza kuwasomea watu vitabu vyake kwa malipo mwaka 1858, na Desemba 1867 mpaka Aprili 1868 akazunguka Marekani akasoma mara 76, na huko watu walilala nje kwenye baridi kusubiri tiketi, wengine wamebeba magodoro, na walanguzi wananunua tiketi wanauza kwa bei ya juu. Sisi tukacheka, yule mtu wa begi alikuwa bado anabishana kule mbele. Lakini kilichonishika ni kingine. Mzee alisema Dickens hakuwa anafungua kitabu tu na kusoma. Alikuwa na nakala zake maalum za kusomea, amekatakata vipande, amepigia mistari maneno, pembeni amejiandikia afanye nini na sauti, afanye nini na mkono. Yaani kitabu kilichochapwa ni kimoja na kitabu cha kusomwa mbele za watu ni kingine, na vyote ni vyake. Na kile cha pili kilimla. Alikuwa anashuka jukwaani hoi, daktari anampima mapigo ya moyo. Usomaji wake wa kuaga ulikuwa London tarehe 15 Machi 1870 na tarehe 9 Juni mwaka huo huo akafariki, ana miaka 58.

"Kwa hiyo mkimuona leo anakunywa maji," mzee akasema, "mwacheni anywe."

Mlango ukafunguliwa.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ni ghorofa ya juu ya duka, wamesogeza makabati ya vitabu pembeni wakapanga viti, jukwaa ni dogo, kiti kimoja cha mwandishi na kimoja cha mwendesha mazungumzo, maiki mbili, meza yenye jagi la maji. Viti viliisha, watu wakasimama katikati ya makabati, wengine wakakaa chini wamekunja miguu kama watoto. Binti wa vikaratasi alinishikia kiti. Kulikuwa na joto la watu na harufu ya karatasi mpya, na ule mlio wa watu 200 wanaongea kuhusu kitu kimoja, sauti ile ningeweza kulala ndani yake.

Alipoingia watu walisimama wakapiga kelele mpaka maiki ikalia. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Ana miwani anayoisukuma kwa kidole cha kati, ana sweta limetoka uzi kwenye kiwiko. Na mimi nilitaka kumwambia hapo kuna uzi, kwa sauti kabisa, kama unavyomwambia mtu wa nyumbani, halafu nikakumbuka kwamba huyu mtu hanijui. Hajawahi kunisikia. Kuna watafiti wawili, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika mwaka 1956 kuhusu watazamaji wa televisheni na wasikilizaji wa redio, kwamba mtu anajenga urafiki wa upande mmoja na sauti inayomfikia kila siku, anaijua, anaizoea, na yenyewe haijui kama yupo. Nimewahi kusikia watu wakilitaja hilo kama ugonjwa fulani. Mimi nakataa. Nilijua uzi wa sweta lake utakatika kwa sababu nimekaa na sentensi zake usiku mwingi kuliko niliokaa na baadhi ya ndugu zangu, na zile sentensi hazikuwa uongo.

Alinywa maji. Mzee alinigeukia akatikisa kichwa.

Halafu akasema kabla ya kitabu kipya atasoma kipande cha zamani, watu wengi wamemuomba. Akafungua kile cha kijani. Na mimi nikajua kabla hajasoma neno, nikamshika yule binti mkono bila kumuomba ruhusa.

Hizo kurasa zenyewe ziko hivi. Mama amefiwa na mume wake. Kila Jumapili anashusha mashati ya marehemu, yapo 9, anayapiga pasi yote, anayatundika, na Jumapili inayofuata anayashusha tena wakati hakuna aliyeyavaa. Na akiwa anapiga pasi anayagombeza. Moja moja. Wewe kola yako hii ilinisumbua tangu siku ya harusi. Wewe wa mistari ulikuwa unajifanya bosi na mfukoni huna kitu. Na wewe kifungo kilichopotea ukitafute mwenyewe, mimi sio fundi wako. Mtoto wake amesimama mlangoni anasikiliza na yeye mama hajui.

Mimi kuanzia hapo kwenye kola huwa nimeshaharibikiwa. Naona yule mama peke yake na ile pasi, naona Jumapili zote zinazokuja, na machozi yanashuka mpaka mwisho wa ukurasa. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna namna nyingine.

Yeye alisoma haraka. Hicho ndo kilinishtua kwanza. Kichwani mwangu nilikuwa naisoma polepole, sauti ya msibani. Yeye aliisoma kwa sauti ya mwanamke mwenye kazi nyingi na subira kidogo, mkono mmoja kiunoni, maneno yanakimbizana, na alipofika kwenye "na mfukoni huna kitu" akasukuma miwani na ukumbi ukalipuka. Shati la tatu wakacheka zaidi. La tano yule mtu wa mbele ndo akaanza kumpiga mwenzake bega. Na mwandishi anawasubiri, anajua kabisa pa kusubiri, anawaacha wacheke halafu anachukua shati lingine.

Nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwangu akawasha taa. Kiukweli nilitaka kuondoka. Nilikuwa nawaangalia watu niliokuwa nawapenda foleni nzima nikajiuliza hawa walisoma kitabu gani? Au mimi ndo nilisoma kitabu gani? Miaka 11 nalia mahali pa kucheka, na mwenye kitabu yuko pale mbele anacheka nao?

Halafu akafika shati la 9.

Shati la 9 yule mama haligombezi. Hasemi kitu. Analigeuza mkono, anapiga pasi mshono wa ndani, ambao hauonekani, analitundika. Sura imeisha.

Alisoma hizo sentensi tatu kwa sauti ile ile ya kawaida, hakushusha, hakuvuta. Ila kwa vile watu walikuwa wameshavuta pumzi ya kucheka, midomo iko wazi tayari, shati lilipokuja bila maneno ile pumzi haikuwa na pa kwenda. Mnanielewa? Watu 200 wameshika pumzi kwa pamoja. Nilisikia kiti kinalia kule nyuma. Nilisikia mtu anameza mate. Yule dada mdogo aliweka kipande cha bahasha mdomoni.

Na mimi nilikuwa sijawahi kulisoma shati la 9. Macho yalipita, ndio, mara 30. Lakini nilikuwa nafika pale nimeshalia mashati 8, nimeshaishiwa, kwangu lilikuwa shati tu la mwisho kwenye orodha. Yeye aliyapanga yale 8 kama ngazi za kucheka ili la 9 ukanyage hewa, na mimi nilikuwa nimekaa chini ya ngazi nalia tangu mwanzo.

Hapo ndo redio ya babu ilinirudia.

Nililelewa na bibi, mimi na dada yangu. Babu alipofariki aliacha redio ndogo, na bibi ambaye maisha yake yote hakupenda mpira hata kidogo akawa anaiwasha kila mechi ya timu ya babu na anaigombeza. "Haya, mmefungwa tena. Furahi. Si ndo ulikuwa unakimbilia hiyo." Anaongea na redio kabisa, anainyooshea kijiko. Sisi watoto tulikuwa tunajificha nyuma ya pazia tunacheka mpaka tunaumwa tumbo, ilikuwa ndo burudani yetu, tulikuwa tunasubiri mechi kwa ajili ya bibi. Nilipokua nikaanza kuona aibu kwamba tulicheka. Nikaifunga ile kumbukumbu kwenye fungu la huzuni, bibi mpweke na redio, na nilipokutana na yule mama wa mashati nikamuweka fungu hilo hilo.

Lakini pale ukumbini nilikumbuka siku moja ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Timu ilishinda. Bibi hakusema neno. Aliongeza sauti tu, akaweka kijiko chini, akakaa. Na sisi nyuma ya pazia tukaacha kucheka wenyewe bila kuambiwa na mtu.

Maswali na majibu sitawachosha. Kuna mtu aliuliza mawazo anayapata wapi, kuna mtu alishika maiki akahadithia maisha yake na swali halikufika, nilimuonea huruma tu, manake alikuwa amebeba hayo maneno muda mrefu na ndo nafasi pekee aliyoipata. Kijana mmoja aliuliza kama anasoma anachoandika kwa sauti akiwa peke yake, akajibu kila sentensi, na ile inayomkwama mdomoni anaitoa. Niliandika hilo nyuma ya mkono.

Foleni ya saini ilienda kwa namba. Tulisubiri sana. Nilimuuliza yule binti kwenye mashati huwa anacheka au analia, akasema, "Nacheka, halafu nikiwa kwenye basi siku mbili baadaye nalia." Mzee akasema yeye mara ya kwanza hakucheka wala hakulia, alienda kufungua kabati la mke wake. Hatukumuuliza zaidi. Dada mkubwa akasema anacheka, mdogo akasema ndo hapo huwa anaguna.

Kuna wakati nilikuwa naona haya mambo ya kwenda kusainiwa kama kitu cha zamani. Margaret Atwood, mwandishi wa Canada, alileta kifaa kinaitwa LongPen, kilioneshwa mwaka 2006, mwandishi anaandika akiwa bara moja na mkono wa mashine unaandika saini yake kwa wino kwenye kitabu bara lingine, wanaongea kwa video. Niliposoma habari zake nilisema sasa tatizo limekwisha, hakuna haja ya mtu kuchoka na ndege. Sasa nimeelewa kwamba saini ingekuja hata kwa mashine. Ila lile shati la 9 lilihitaji pumzi za watu wamebanana kwenye joto.

Namba 141, 142. Msaidizi anachukua kitabu chako anakifungua tayari kwenye ule ukurasa, stika inaonekana, anamtelezeshea mwandishi. Maka peni nyeusi. Nilikuwa na sentensi niliyoiandaa kwa wiki mbili, nzuri, kuhusu jinsi vitabu vyake vilivyonivusha, nikaifungua mdomoni na haikuwepo.

Nikasema, "Samahani, yale mashati. Mimi huwa nalia kuanzia la kwanza."

Akaacha kuandika jina langu katikati. Aliniangalia vizuri, miwani akaisukuma.

"Na mimi," akasema. "Nilivyoandika nililia kuanzia la kwanza. Nikaenda kumsomea mama yangu, nasoma huku sauti inakatika, na yeye akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaniomba nipumzike kidogo. Nilipofika la mwisho akanyamaza. Ndo nikajua pa kunyamaza ni wapi." Akamalizia herufi tatu za mwisho za jina langu. "Kabla ya hapo la mwisho nilikuwa nimeligombeza na lenyewe. Nilienda nyumbani nikayafuta maneno yake."

Msaidizi akasema asante sana, anayefuata. Nilikuwa nimeshapewa kitabu na nimesogea hatua mbili na nilikuwa bado nimesimama. Yule binti alinipiga picha bila kuniambia, nimeiangalia sana hiyo picha, mwandishi ameinua uso na mimi nimeinamisha wangu na kati yetu peni iko hewani.

Tulibadilishana namba, mimi, wale dada, binti, na mzee ambaye ilibidi binti amsaidie kuisevu. Nilitembea mpaka kituoni na kitabu ndani ya koti.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nilimpigia dada yangu. Anaishi mbali, hasomi hivi vitabu, ni mmoja wa waliowahi kunirudishia kimoja na mgongo umenyooka, na sikumlaumu wala simlaumu. Nikamwambia nyamaza nikusomee kitu. Nikasoma kwa mara ya kwanza maishani kwa sauti, haraka, mkono kiunoni, na kwenye kola nilisikia amevuta pumzi puani. Kwenye mfuko usio na kitu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha nyuma ya pazia, anajizuia na hakizuiliki, na mimi nikamsubiri. Nikachukua shati lingine. Nikasubiri. Kwenye kifungo akasema, "Huyo ni bibi! Huyo ni bibi na redio!" na sasa tunacheka wote wawili nashindwa kusoma, nikatulia, nikaendelea, nikafika la 9.

Nikageuza mkono, nikapiga pasi mshono wa ndani, nikalitundika.

Simu ilikaa kimya mpaka nikaangalia kama imekata. Haikuwa imekata, sekunde zilikuwa zinahesabika.

"Siku waliyoshinda," dada akasema.

"Eeh."

"Aliongeza sauti."

"Eeh."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Anza tena," akaniambia. "Anzia pale kwenye kola."